Upotevu wa shinikizo la gesi katika tabaka la kwanza la kichocheo: hesabu inatoa theluthi moja tu ya kinachosomwa na geji

MwanaKolwezi aliuliza:

Wataalamu, salaam. Ninafanya kazi katika kiwanda cha asidi ya salfuri kilichoko Katanga. Asidi yetu hutumika migodini kuyeyusha shaba na kobalti iliyomo katika mawe ya oksidi, na tunaitengeneza kwa kuchoma salfa inayopakuliwa katika bandari ya Dar es Salaam na kuletwa huku kwa malori. Gesi inayotoka tanuruni ina takribani asilimia 11 ya salfa dioksidi na asilimia 10 ya oksijeni, na iliyobaki ni nitrojeni. Hupozwa kwenye boila hadi nyuzi 420 za Selsiasi, kisha huingia juu ya kinu chenye matabaka manne ya kichocheo cha vanadi, ambamo salfa dioksidi hugeuzwa kuwa salfa trioksidi.

Nimepewa jukumu la kuandaa modeli ya shinikizo la gesi katika kinu hicho, nikianza na tabaka la kwanza, kwa sababu ndilo linalotusumbua. Kichocheo ni pete zenye kipenyo cha nje cha milimita 10, tundu la milimita 4 na urefu wa milimita 10. Kwa kuchukua ujazo wa pete mara sita na kuugawa kwa eneo lake la uso, nimepata kipenyo sawia cha milimita 6.9. Uwazi wa tabaka, yaani sehemu ya ujazo wake iliyo tupu, nikihesabu na matundu ya pete, nimeuchukua kuwa 0.50. Kina cha tabaka ni mita 0.8, na mtiririko wa masi ni kilo 0.50 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba. Geji ya kuingilia inasoma kilopaskali 29. Nimejumlisha kilopaskali 101 za hewa ya kawaida, nikapata shinikizo halisi la kilopaskali 130. Kutokana na hapo densiti ya gesi ni kilo 0.73 kwa mita ya ujazo, na mnato nimeuchukua kuwa paskali-sekunde 3.3×10⁻⁵.

Nikiviweka vyote hivi katika mlinganyo wa Ergun, unaokadiria upotevu wa shinikizo katika tabaka la punje, ninapata paskali 490 kwa kila mita ya kina, yaani takribani paskali 390 kwa tabaka zima. Geji ya tofauti ya shinikizo kati ya juu na chini ya tabaka, hata hivyo, ilisoma karibu paskali 560 kichocheo kilipokuwa kipya, na sasa inasoma karibu 1,200 kwa mtiririko uleule. Mwenzangu mmoja amenishauri nizipandishe zile namba mbili za Ergun, 150 na 1.75, hadi modeli ilingane na geji. Je, hiyo ni njia sahihi? Na kama si sahihi, ni nini ninachokiacha nje?

---

Mwalimu wa Mitambo alijibu:

Ndugu MwanaKolwezi, nakuomba usiziguse namba hizo kwa sasa. Ukizipandisha, modeli italingana na geji leo, lakini haitakueleza chochote kesho vumbi litakapoongezeka au mzigo wa kiwanda utakapobadilika, kwa kuwa utakuwa umeficha sababu tatu au nne tofauti ndani ya namba moja. Tuanze na usomaji wa kichocheo kipya, yaani paskali 560, kwa sababu hapo vumbi halikuwapo na kila kitu kinapaswa kuelezeka kwa fizikia peke yake.

Mlinganyo wenyewe ni huu, ambapo P ni shinikizo, z ni kina, u ni kasi ya gesi ikihesabiwa kana kwamba kinu ni kitupu, ε ni uwazi, d ni kipenyo sawia, μ ni mnato na ρ ni densiti:

−dP/dz = 150·μ·u·(1−ε)² / (d²·ε³) + 1.75·ρ·u²·(1−ε) / (d·ε³)

Sehemu ya kwanza ni ya mnato, na asili yake ni kazi ya Darcy juu ya maji na mchanga kule Dijon, iliyochapishwa mwaka 1856, ambayo Kozeny (1927) na Carman (1937) waliiunganisha na ukubwa wa punje na uwazi. Sehemu ya pili ni ya msukumo wa gesi inayogeukageuka kati ya punje, na inafuata kazi ya Burke na Plummer ya mwaka 1928. Sabri Ergun alizijumlisha sehemu hizo mbili mwaka 1952. Kwa takwimu zako, sehemu ya mnato inatoa paskali 142 kwa mita na ile ya msukumo inatoa 347, kwa hiyo huwezi kuiacha hata moja. Tafadhali zikumbuke namba hizo mbili, kwa sababu uwiano wake utakufaa baadaye.

Jambo la kwanza unaloliacha nje ni halijoto. Umehesabu tabaka zima kwa hali ya gesi inapoingia, ilhali mmenyuko huu hutoa joto jingi, karibu kilojuli 98 kwa kila moli ya salfa dioksidi inayogeuzwa. Tabaka la kwanza halipozwi, na likishageuza karibu asilimia 60 ya salfa dioksidi, gesi yako hufika takribani nyuzi 615. Kwa kipimo cha kelvini, hiyo ni kutoka 693 hadi 888, yaani ongezeko la mara 1.28. Ni kweli kwamba moli za gesi hupungua, kwa kuwa moli moja na nusu huwa moja, lakini kwa gesi yenye asilimia 11 ya salfa dioksidi upungufu huo ni wa asilimia 3 hivi tu. Kwa jumla ujazo wa gesi unapotoka ni mara 1.24 ya ujazo wake ilipoingia.

Kinachobaki bila kubadilika kutoka juu hadi chini ni mtiririko wa masi kwa eneo, tuuite G, kwa maana masi haipotei njiani. Kwa sababu hiyo nakushauri uandike mlinganyo wote kwa kutumia G badala ya u: weka u = G/ρ, na utaona kwamba sehemu zote mbili zinagawanywa kwa densiti. Densiti ikishuka, upotevu wa shinikizo unapanda kwa uwiano uleule. Mnato nao hupanda pamoja na halijoto, kwa hiyo sehemu ya kwanza huathirika mara mbili. Nimepiga hesabu ya hali ya kutokea na kupata karibu paskali 640 kwa mita, dhidi ya 490 zako za kuingilia. Na kwa kuwa halijoto hupanda haraka katika sehemu ya juu ya tabaka kisha hutulia, wastani uko karibu zaidi na thamani ya mwisho wa tabaka kuliko ya mwanzo wake. Chukua paskali 600 kwa mita. Tabaka la mita 0.8 litakupa takribani 480.

Jambo la pili ni dogo kwa maandishi lakini lina uzito katika hesabu, nalo ni kilopaskali 101 ulizojumlisha. Hizo ni za usawa wa bahari. Ninyi mko katika uwanda wa juu wa Katanga, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni kilopaskali 87 hivi. Shinikizo lako halisi la kuingilia, basi, ni karibu 116 na si 130. Densiti inashuka kwa uwiano huo, na upotevu wa shinikizo unapanda mara 1.12, kutoka 480 hadi karibu 540. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu hata programu kubwa za kompyuta huanza na shinikizo la usawa wa bahari mpaka mtumiaji alibadilishe, na ukanda wetu huu wa Afrika una viwanda vingi vilivyo juu sana ya bahari.

Umeshafika 540, na kilichopimwa ni 560. Hakuna namba ya Ergun iliyoguswa.

Sasa niseme jambo ambalo hulihitaji, ingawa vitabu vingi hulitilia mkazo. Katika mitambo mingi, shinikizo lenyewe hushuka kiasi cha kubadilisha densiti, na hivyo mlinganyo wa shinikizo lazima utatuliwe pamoja na ule wa mmenyuko. Ikiwa halijoto na idadi ya moli havibadiliki, jibu lina umbo rahisi: mraba wa shinikizo hupungua kwa mstari mnyoofu kadiri unavyoingia ndani ya tabaka. Katika kinu chako, hata hivyo, unapoteza kilopaskali moja tu na ushei kati ya 116, yaani kama asilimia moja. Ukilichukua shinikizo kuwa halibadiliki unapotafuta densiti, kosa utakalofanya halionekani kwenye geji yoyote. Kwa hiyo tatua kwanza milinganyo ya mmenyuko na joto kwa shinikizo lisilobadilika, pata halijoto katika kila kina, kisha jumlisha Ergun kutoka juu hadi chini kwa vipande vya sentimita moja au mbili. Inatosha kabisa, na utaweza kuikagua kwa macho.

Kuhusu 150 na 1.75, ni kweli kwamba si namba takatifu. Macdonald na wenzake walipendekeza mwaka 1979 kutumia 180 badala ya 150, na badala ya 1.75 namba inayoanzia 1.8 kwa punje laini hadi 4.0 kwa punje zenye mikwaruzo. Pete nazo zina tabia yake, kwa maana si gesi yote inayopita ndani ya tundu. Lakini ukitaka kuzirekebisha, zirekebishe kwa jaribio na si kwa kubahatisha: jaza kichocheo kipya katika bomba lenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, pitisha hewa baridi kwa kasi mbalimbali, kisha chora grafu ya upotevu wa shinikizo uliogawanywa kwa kasi, dhidi ya kasi. Utapata mstari mnyoofu. Mahali unapokata mhimili wa wima panakupa sehemu ya mnato, na mwinamo wake unakupa sehemu ya msukumo. Namba utakazopata ni za pete zako na si za mtu mwingine.

---

Fundi wa Zamu alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu. Naomba niongeze yale ambayo mlinganyo hauwezi kuyaona, kwa kuwa nimefanya kazi miaka mingi kwenye vinu vya aina hii.

Kwanza, ndugu yangu, hakikisha unajua mabomba madogo ya geji ya tofauti yametobolewa wapi. Mara nyingi bomba la juu liko katika nafasi iliyo juu ya tabaka na la chini liko chini ya wavu unaobeba kichocheo. Maana yake geji inasoma tabaka la mawe ya kwazi au mipira ya kauri iliyowekwa juu ya kichocheo, inasoma kichocheo chenyewe, inasoma mipira ya chini, na inasoma wavu. Zile paskali 20 zilizobaki katika hesabu ya Mwalimu naamini ziko hapo. Andika kila kimoja kama tabaka lake lenye kipenyo na uwazi wake. Hakikisha pia kwamba mabomba hayo hayana asidi iliyoganda ndani, kwa sababu hilo hutokea, na geji hubaki inasoma kitu kisichokuwapo.

Pili, kupanda kutoka 560 hadi 1,200 kwa mtiririko uleule karibu kila mara ni vumbi, na karibu kila mara limekaa katika sentimita chache za juu za tabaka la kwanza. Matabaka ya pili, ya tatu na ya nne hubaki safi kwa muda mrefu kwa sababu la kwanza ndilo linalochuja. Kichocheo cha vanadi kina jambo moja linalokitofautisha na vichocheo vingi: kinapofanya kazi, chumvi za vanadi na potasi zilizomo ndani ya vinyweleo vya silika huwa zimeyeyuka. Uso wa pete, basi, unanata, na chembe yoyote inayoletwa na gesi inaponasa haiondoki. Baada ya muda hujengeka ganda gumu.

Vumbi lenyewe hutoka sehemu kadhaa. Kuna majivu ya salfa, na salfa iliyomwagwa bandarini, ikapakiwa kwenye lori, ikamwagwa tena uwanjani, hufika na mchanga ambao kichujio cha salfa iliyoyeyushwa hakiumalizi wote, hasa kitambaa chake kikichoka au tabaka lake la kuchujia likiwekwa kwa haraka. Kuna kutu ya chuma kutoka kwenye boila na mabomba ya gesi, ambayo hugeuka kuwa salfeti ya chuma. Kuna unga wa matofali ya tanuru. Na kuna kichocheo chenyewe: kiwanda kikisimama bila kusukuma nje gesi yenye salfa trioksidi kwa hewa moto iliyokaushwa, asidi hugeuka kuwa kimiminika ndani ya pete wakati wa kupoa, nazo hulainika na kumeguka. Ukiona shinikizo limeruka ghafla baada ya kuwasha upya, ulizia kwanza namna kiwanda kilivyozimwa.

Tatu, nakupa jaribio moja ambalo halihitaji kufungua kinu. Shusha mzigo wa kiwanda hadi asilimia 75, acha halijoto itulie kabisa kwa kiwango kilekile cha salfa dioksidi, kisha soma geji. Mwalimu alikuomba ukumbuke uwiano wa sehemu mbili za mlinganyo, na hapa ndipo unapofaa. Tabaka safi la pete zako hutawaliwa na sehemu ya msukumo, kwa hiyo upotevu wake hubadilika karibu na kipeo cha 1.7 cha mtiririko, ilhali ganda la vumbi laini lina njia nyembamba ambamo mnato ndio unaotawala, na upotevu wake hushuka kwa uwiano wa moja kwa moja. Ikiwa zile 1,200 zote zina tabia ya tabaka safi, mathalani kwa kuwa mtiririko unaodhani ni uleule umeongezeka, geji itashuka hadi kama 735. Ikiwa 560 ni za tabaka safi na 640 zilizozidi ni za ganda, itashuka hadi kama 820 tu. Na ikiwa geji yenyewe ina kosa la sifuri, yaani haisomi sifuri hata pasipo tofauti ya shinikizo, haitashuka kwa mpangilio wowote kati ya hiyo miwili; utaliona ukisoma kwa mizigo mitatu tofauti badala ya miwili.

---

MwanaKolwezi aliandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu na Fundi, kwa majibu yaliyonifungua macho. Nimeandika upya hesabu kwa kutumia G, nimeweka shinikizo la hewa la hapa kwetu, na nimetumia halijoto za vipimajoto vilivyomo ndani ya tabaka badala ya kusubiri modeli ya mmenyuko ikamilike. Kwa kichocheo kipya, pamoja na mipira ya kauri na wavu, nimepata paskali 555.

Jaribio la mzigo tumelifanya kwa ruhusa ya msimamizi wa zamu. Kwa asilimia 75 geji ilisoma karibu 810, na kwa asilimia 85 usomaji ulikuwa kwenye mstari ambao Fundi angeutarajia. Sina shaka tena kwamba ni ganda. Swali langu sasa ni namna ya kuliingiza ganda hilo katika modeli, ili niweze kumwambia meneja ni lini tunapaswa kusimama na kuchekecha kichocheo, badala ya kusubiri blowa, yaani feni kubwa inayosukuma gesi, ishindwe.

---

Mwanafunzi wa Nairobi aliuliza kwa kifupi:

Samahani kwa kuingilia kati. Mimi nina bomba la maabara lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, lililojazwa mipira ya milimita 6. Je, ninaweza kufuata hatua hizi hizi?

---

Mpiga Hesabu alijibu:

Nianze na mwanafunzi, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hatua ni hizo, lakini bomba lako lina upana wa mipira minne tu, na hapo ukuta unaingilia. Punje zilizogusana na ukuta hazipangiki kama zile za katikati, uwazi karibu na ukuta hukaribia 1, na gesi hupenda kupita pembeni. Wakati huohuo ukuta wenyewe huongeza msuguano. Athari hizo mbili huvutana, ya kwanza ikishinda kwenye mtiririko wa kasi na ya pili kwenye mtiririko wa polepole. Eisfeld na Schnitzlein walichapisha mwaka 2001 marekebisho ya mlinganyo kwa hali kama yako, nakushauri uyatumie. Kinu cha MwanaKolwezi kina upana wa mamia ya pete, kwa hiyo ukuta haumhusu.

Sasa turudi kwa ganda, ndugu MwanaKolwezi. Silaha yako kubwa ni ile ε³ iliyo chini ya mstari wa kugawanya. Chukua sentimita 10 za juu na ushushe uwazi wake kutoka 0.50 hadi 0.25, kila kitu kingine kikibaki kilivyo. Sehemu ya mnato inaongezeka mara 18 na ya msukumo mara 12. Sentimita hizo 10, ambazo zilipokuwa safi zilikugharimu paskali 55, sasa zinakugharimu karibu 750. Ongezeko ni takribani 700, nawe ulikuwa unatafuta 640. Unaona basi kwamba huhitaji kinu kizima kichafuke ili geji ipande mara mbili. Sehemu moja ya nane ya kina inatosha.

Uwazi huo wa 0.25, hata hivyo, usiuchukue kuwa kipimo halisi. Ndani yake kuna mambo mawili yaliyochanganywa, yaani nafasi iliyojazwa na vumbi, na njia za gesi ambazo zimekuwa nyembamba kuliko kipenyo cha pete kinavyodhani. Jaribio lako la mzigo limeonyesha kwamba ganda linafuata mnato zaidi ya hesabu hii ya uwazi peke yake, kwa maana ukishusha uwazi bila kubadilisha kipenyo, sehemu ya msukumo bado inabaki kubwa. Kwa sababu hiyo ningeliandika ganda kama kizuizi kinachojitegemea, kilicho juu ya tabaka safi, ambapo ΔP ni upotevu wa shinikizo:

ΔP ya ganda = K·μ·G/ρ

K hii haitoki kitabuni. Unaipata kila siku kutoka kwenye geji, kwa kutoa ΔP ya tabaka safi ambayo tayari unaijua, kisha kugawanya kinachobaki kwa μ·G/ρ ya siku hiyo. Faida yake ni kwamba mzigo wa kiwanda, halijoto ya kuingilia na hata kiwango cha salfa dioksidi vinaweza kubadilika, lakini K inabaki kuwa alama ya uchafu pekee. Chora K dhidi ya tani za salfa zilizochomwa tangu kichocheo kilipochekechwa, wala usitumie siku, kwa kuwa vumbi huja na salfa na si na kalenda. Ikiwa vumbi linaingia kwa kiasi kisichobadilika na linakaa juu tu, mstari utakuwa mnyoofu, nawe utaweza kuurefusha mbele na kusoma tani zilizobaki. Ukianza kupinda kuelekea juu, maana yake nafasi za wazi katika ganda zinajifunga na muda uliobaki ni mfupi kuliko unavyoonekana. Ukiruka ghafla, rudi kwa Fundi na swali lake la namna kiwanda kilivyozimwa.

Kuna hatari moja ambayo modeli ya mwelekeo mmoja haionyeshi, nami naiona kubwa kuliko gharama ya umeme. Ganda halijengeki sawasawa katika eneo lote. Tofauti ya shinikizo kati ya juu na chini ni ileile kwa kila njia, kwa hiyo gesi hugawanyika yenyewe: palipo na ganda nene hupita kidogo, palipo wazi hupita nyingi mno. Penye gesi nyingi mno muda wa kukutana na kichocheo hautoshi, na salfa dioksidi isiyogeuzwa hubebwa hadi matabaka ya chini na hatimaye kwenye bomba la moshi. Geji ya tofauti inaweza kuwa inasoma wastani wa kuvumilika huku ubadilishaji ukiwa umeshashuka. Ndiyo maana nakuomba uweke pamoja na K tofauti kati ya vipimajoto vya pande mbalimbali katika kina kilekile cha tabaka. Vikianza kuachana wakati gesi inayoingia haijabadilika, gesi haigawanyiki vizuri tena.

Kuhusu meneja, mpe namba mbili. Ya kwanza ni nguvu ya blowa inayopotea, ambayo ni mtiririko wa ujazo mara ΔP iliyozidi, ukigawanya kwa ufanisi wa blowa. Kwa mfano, kwa mita za ujazo 20 kwa sekunde, paskali 640 na ufanisi wa asilimia 70, ni kilowati 18 hivi. Peke yake si sababu ya kusimamisha kiwanda. Ya pili ndiyo yenye uzito: ni kiasi gani cha shinikizo blowa bado inaweza kukitoa kabla hujalazimika kupunguza mzigo. Hapo kila paskali inayochukuliwa na ganda ni asidi isiyotengenezwa, na migodi inayoisubiri haina mbadala wa karibu. Chora mstari wa K, weka juu yake kiwango ambacho blowa inafikia ukomo kwa mzigo kamili, na tani za salfa pale mistari inapokutana ndizo jibu lako.

---

Fundi wa Zamu aliongeza:

Neno moja juu ya kusimama kwenyewe, ili modeli isianze upya na makosa. Mtakapochekecha, pimeni kina cha tabaka kabla ya kunyonya kichocheo na baada ya kukirudisha, na mpime pia uzito wa unga na vipande vilivyobaki chini ya chekeche, kwa sababu lazima mfidie na kichocheo kipya. Pete zilizochekechwa hukaa kwa kubanana kuliko mpya, kwa kuwa zimekatika na vipande vyake vimejaza nafasi, kwa hiyo uwazi wa 0.50 hautarudi wote. Someni geji katika siku za mwanzo baada ya kuwasha, mtafute uwazi mpya unaoitoa namba hiyo, na huo ndio uwe msingi wa tabaka safi. Mkiendelea kutumia 0.50, tofauti yote itahesabiwa kuwa ganda tangu siku ya kwanza.

Na mwombeni mtengenezaji wa kichocheo awauzie pete kubwa, zile za milimita 25 hivi, mziweke kama sentimita 10 hadi 15 za juu kabisa. Vumbi litaingia kwa kina zaidi badala ya kujenga ganda juu, na mstari wa K utapanda polepole zaidi. Katika modeli, ziandikeni kama tabaka lake lenye kipenyo chake, maana pete hizo zikiwa safi hazigharimu karibu chochote.